Tundu Unaloliona ni la Kutokea

Jioni hii napenda tuzungumze ukiwa na maharage mkononi. Kama uko jikoni unachambua ya kesho, itafute punje moja iliyobunguliwa uiweke kiganjani. Litazame tundu lake. Ni la mviringo, limekatwa vizuri, kingo zake safi. Ukilitazama hivi hivi utadhani mdudu aliingilia hapo. Hapana, hapo ndipo alipotokea. Aliingia wiki nne, tano au zaidi zilizopita kupitia kitobo ambacho jicho lako lisingekiona, akala, akanenepa, akajibadili umbo humo humo gizani, akatoka akiwa mdudu kamili mwenye mabawa. Siku unayoliona tundu, mdudu huyo kwa upande wa kula amekwishamaliza, na kama ni jike huenda mayai yake yamo ndani ya gunia tayari.

Hilo ndilo lililonileta mbele yako leo. Wengi wetu tunaanza kupambana na mdudu wa maharage mwezi wa tisa au wa kumi, pale unga mweupe unapoanza kuchuruzika chini ya gunia. Lakini kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, wanaong'oa maharage yao mwezi wa sita, shauri lake linaamuliwa mwezi huo huo wa sita, kati ya siku ya kung'oa na siku ya kufunga gunia. Ukizikosa siku hizo chache, mengi utakayoyafanya baadaye yatakuwa ya kupunguza hasara tu.

Tumfahamu kwanza huyu tunayemsema. Wataalamu wanamwita Acanthoscelides obtectus. Ni mbawakawa mdogo, urefu wake milimita tatu hadi nne, rangi yake kahawia iliyochanganyika na kijivu, na mabawa yake magumu ya juu ni mafupi kiasi, hayafiki mwisho wa mwili. Sokoni wengi humtia katika kundi moja na fukusi wa mahindi, lakini ukiwaweka pamoja utaona tofauti: fukusi ana pua ndefu iliyochongoka, huyu hana. Ndugu zake wa karibu ni mbawakawa wala majani, na ukoo wake mzima umejikita katika mbegu, hasa mbegu za mimea ya jamii ya kunde. Wapo wa migunga, wapo wa mikwaju, wapo wa choroko na mbaazi. Huyu wetu ni wa maharage, na asili yake ni kule kule maharage yalikotoka, bara la Amerika. Punje zilipovuka bahari, naye alivuka ndani yake. Leo yuko karibu kila mahali maharage yanapolimwa, na nyanda zetu za juu, zenye ubaridi wa wastani, zinamfaa sana.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo pana siri yake.

Tunaamini mdudu huyu ni wa ghalani. Ukweli ni kwamba safari yake huanzia shambani. Ganda la maharage linapoanza kukauka na kugeuka rangi, jike huruka kutoka kwenye masalia ya msimu uliopita, kutoka kwenye ghala la jirani, hata kutoka kwenye kibuyu cha mbegu kilichosahauliwa darini, akaenda shambani. Hutafuta mwanya kwenye mshono wa ganda, au hulitafuna akapata nafasi, kisha hutaga mayai ndani, katikati ya punje. Kwa hiyo maharage unayoyabeba kutoka shambani, safi machoni, yanayong'aa, yanaweza kuwa yameshabeba mayai na mabuu. Kadiri unavyoyaacha yakauke muda mrefu yakiwa bado shambani, ndivyo unavyompa jike nafasi. Nimewasikia wakulima wakisema mwaka fulani wadudu walikuja wenyewe ndani ya gunia jipya, wakahisi kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Waliletwa na mavuno.

Akiwa ghalani, jike hutaga mayai ovyo kati ya punje, bila kuyagandisha popote. Yai likianguliwa, anatoka buu mweupe mdogo mno, mwenye miguu. Miguu hiyo ni ya kazi moja tu: kutembea kati ya punje mpaka apate pa kuingilia. Akishaingia na kujivua ngozi ya kwanza anakuwa buu mnene asiye na haja ya kutembea tena. Lakini kuingia si jambo jepesi kwake. Ngozi ya harage kavu ni ngumu na laini, inateleza. Lazima apate mahali pembamba, punje mbili zinapogusana, aegemeze mwili kwenye moja ili apate nguvu ya kuitafuna nyingine. Kazi hiyo humchukua karibu siku nzima. Katika siku hiyo hajala chochote, hana akiba ya kutosha, na hana ulinzi wowote. Katika maisha yake yote hakuna saa anazokuwa mnyonge kuliko hizo.

Unyonge huo umechunguzwa na kupimwa. Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia nyumbani. Walichukua maharage yenye wadudu, wakayatia katika vyombo visivyojaa, wakawa wanayavingirisha kidogo kila siku. Hawakutia dawa wala majivu. Waliyageuza tu. Idadi ya wadudu ilipungua kwa takriban asilimia 97 ikilinganishwa na maharage yaliyoachwa yametulia. Sababu ni hiyo niliyokueleza: buu anapokuwa nusu ya kazi yake, punje zinahama, egemeo linamponyoka, anabanduka kwenye kitobo alichokianza. Anaanza upya, anabanduliwa tena, mpaka anakufa kwa kuchoka na njaa au kwa kupondwa.

Mama unayenisikiliza, kama una debe moja au mawili ya maharage ya kula, hii ni njia isiyokugharimu hata shilingi. Tia maharage katika ndoo yenye mfuniko au kiroba, usijaze, acha nafasi ya kutosha ili punje zizunguke, na uvingirishe asubuhi na jioni. Gunia lililoshindiliwa mpaka mdomoni halifai, kwa sababu humo punje hazihami. Na anza siku ile ile ulipomaliza kupepeta, uendelee bila kukatisha, kwa maana wale waliokwisha kuingia ndani ya punje tangu shambani hawaguswi na mzunguko huu. Watatoka kwa wakati wao na kutaga, na hao watakaozaliwa ndio utakaowazuia.

Mtu anaweza kuniuliza, mdudu wa milimita tatu, kwa nini umpe muda mrefu hivi redioni? Tufanye hesabu pamoja. Tuseme jike mmoja anataga mayai 50, kiwango cha kawaida kwake, na nusu ya watakaozaliwa ni majike. Kizazi cha kwanza kinakupa majike 25. Hao wakitaga, unapata wadudu 1,250. Nusu yao ni majike 625, nao wakitaga unapata 31,250. Hesabu hii inachukulia kwamba hakuna anayekufa, na katika hali halisi wengi hufa. Lakini tazama muda: katika joto la nyuzi 30 kizazi kimoja huchukua kama wiki nne hadi tano, na penye ubaridi huchukua muda mrefu zaidi. Vizazi vitatu ni kama miezi mitatu hadi mitatu na nusu tu pale penye joto. Ndiyo maana mwezi wa saba unafungua gunia unakuta maharage mazuri, mwezi wa nane unaona punje mbili tatu zenye matundu na unasema si neno, na mwezi wa kumi na moja unafungua gunia lile lile unakuta joto, harufu, na punje moja ina matundu sita. Harage moja linaweza kulea mabuu zaidi ya kumi.

Na mwezi wa kumi na moja ndio wakati gani? Ndio wakati maharage yanapotakiwa. Akiba za watu zimepungua, shule na magereza zinanunua, wakulima wengine wanatafuta mbegu. Bei imepanda. Mkulima wa Mbozi, wa Karatu au wa Muleba aliyevuna vizuri anajua kabisa kwamba angesubiri angepata zaidi. Hasubiri, kwa sababu anajua pia kitakachompata akisubiri. Anauza mwezi wa sita kwa bei ya dalali, na gunia lenyewe lumbesa. Baadaye tunamlaumu kwamba hana subira, hajui biashara. Mimi naona lawama hiyo si ya haki. Anayo sababu, na sababu hiyo ina mabawa na inazaliana kila mwezi. Wengi wanaobeba uamuzi huo wa kuuza mapema ni kina mama, kwa kuwa katika nyumba nyingi maharage ni zao lao, na fedha yake ndiyo inayonunua madaftari na sabuni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa uzalishaji wa maharage Afrika, na bado mtu aliyeyalima anaweza kuyanunua tena dukani miezi mitano baadaye kwa bei ambayo yeye hakuipata.

Wazee wetu hawakukaa mikono mitupu. Walichanganya maharage na majivu yaliyochekechwa, na majivu hayo yana kazi mbili: yanajaza nafasi kati ya punje ili mdudu asipite, na yanamkwangua na kumkausha mwili. Majivu machache ya kunyunyiza juu juu hayatoshi. Yanatakiwa mengi, yachanganyike mpaka chini. Wengine walipaka mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai hivi kwa kila kilo, yakazunguka punje zote. Mafuta hufunika yai likakosa hewa. Kuanika juani juu ya turubai jeusi na kuchekecha kila baada ya majuma kadhaa nako kunasaidia sana kwa mdudu huyu hasa, kwa sababu mayai yake hayakugandishwa. Yanadondoka na vumbi. Vumbi hilo lichomwe au lifukiwe. Ukilimwaga nyuma ya nyumba umewapeleka wadudu matembezini tu.

Hapa nitie angalizo. Yuko mdudu mwingine wa maharage, Zabrotes subfasciatus, anayependa maeneo ya chini yenye joto, na yuko wa kunde na choroko, Callosobruchus maculatus, ambaye watu wa pwani wanamfahamu sana. Hawa wawili hugandisha mayai juu ya ngozi ya punje, na buu hutoboa akiwa ameegemea ganda la yai lake mwenyewe. Kwa hao, kuvingirisha na kuchekecha hakutoshi. Namna ya kuwatambua ni rahisi: ukiona vidoa vyeupe vilivyong'ang'ania kwenye punje, visivyotoka kwa kufuta na kidole, ujue ni mayai ya jamaa hao.

Njia inayowaweza wote watatu ni kuwanyima hewa. Mifuko ile ya tabaka tatu, miwili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje, ilianzia kwenye kazi ya kuhifadhi kunde kule Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa huko wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na mtu anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Profesa Larry Murdock. Ndiyo sababu imeitwa mifuko ya PICS, herufi P ikiwa ni ya Purdue. Sasa inauzwa kwetu, Kenya, Uganda, na nchi nyingine nyingi za Afrika. Ukiijaza na kuifunga barabara, wadudu waliomo, pamoja na punje zenyewe, wanatumia oksijeni iliyobaki mpaka inapungua sana.

Wengi hudhani hapo mdudu anakufa kwa kukosa pumzi, na mimi naona ukweli wake unavutia zaidi. Mwaka 2012 Murdock na wenzake walieleza kilichokuwa kikiendelea ndani ya mfuko, wakimchunguza mdudu wa kunde. Buu anaishi ndani ya punje kavu, hana tone la maji la kunywa. Maji yake anayatengeneza mwenyewe, kwa kuunguza wanga wa punje kwa kutumia oksijeni. Oksijeni ikipungua, anashindwa kuyatengeneza, anaacha kula, na taratibu mwili wake unakauka. Anakufa kwa kiu. Na kwa kuwa anaacha kula mapema, uharibifu nao unasimama mapema, siku chache baada ya mfuko kufungwa, kabla hata hajafa. Hakuna sumu iliyoingia chakulani, na maharage makavu yaliyokaa humo yanaota yakipandwa.

Lakini mfuko una masharti yake. Maharage yawe makavu kweli. Yakiwa mabichi ukiyafungia humo utavuna ukungu. Kipimo cha nyumbani kipo: chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia maharage kiasi cha robo yake na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, maharage bado yana unyevu, yarudi juani. Ikianguka yote chini, endelea na kazi. Toa hewa kwa kukandamiza, sokota mdomo wa kila mfuko na uufunge peke yake, uweke gunia juu ya kichanja mbali na panya. Na usiufungue fungue. Kila ukichota, umewaingizia hewa. Ya kula weka kando katika ndoo yako ya kuvingirisha, ya kuuza acha yafungwe mpaka siku ya mnunuzi.

Kuhusu dawa za viwandani, za unga zilizosajiliwa zipo na zinafanya kazi zikitumika kwa kipimo kilichoandikwa na zikitiwa mapema. Zikitiwa mwezi wa kumi, haziwafikii mabuu waliojificha ndani ya punje. Zinawapata wanapotoka, wakati hasara imeshafanyika. Lakini naomba unisikilize kwa makini juu ya vile vidonge vinavyotoa gesi. Gesi yake, fosfini, inaua mdudu, na inaua mtu vile vile. Katika nyumba zetu nyingi gunia linakaa chumba wanacholala watoto. Kidonge hicho kisiingie katika nyumba wanamolala watu, hata kimoja, hata kwa usiku mmoja, hata kama muuzaji amekwambia hakina neno. Kama shehena ni kubwa, aitwe mtaalamu mwenye kibali, na ghala liwe mbali na makazi.

Wanasayansi wanajaribu pia kulifanya harage lijilinde lenyewe. Katika maharage pori ya Mexico, yenye punje ndogo ndogo, iligunduliwa protini ambayo buu akiila hawezi kuimeng'enya, naye hudumaa na kufa. Imeitwa aselini, kutokana na mji wa Arcelia. Imekuwa ngao imara dhidi ya Zabrotes. Huyu wetu wa nyanda za juu ilimsumbua kidogo tu, akaendelea kula. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kwa kushirikiana na wenzao wa Oregon, Marekani, waligeukia jamaa mwingine wa harage anayestahimili ukame, Phaseolus acutifolius, wakahamisha kinga yake kwenye maharage ya kawaida. Kazi ya namna hiyo inakwenda polepole, kwa sababu harage lisilopendwa na mdudu lazima bado lipendwe na mpishi: liive vizuri, liwe na rangi inayouzika, mchuzi wake uwe mzito.

Wakati tunasubiri, yapo ambayo halmashauri na vyama vya ushirika vinaweza kuyafanya msimu ujao bila kungoja uvumbuzi wowote. Mifuko ifike vijijini mwezi wa tano, isifike mwezi wa kumi. Mkopo wa kuinunua utolewe kabla ya mavuno, ulipwe baada ya kuuza. Afisa ugani aonekane siku watu wanapopiga maharage uwanjani, kwa kuwa ushauri wa wiki hiyo una thamani kuliko semina nzima ya mwisho wa mwaka. Ninasema haya kwa sababu nimeona mifuko mizuri ikirundikwa katika duka la mjini huku maharage yakigeuka unga kilomita chache kutoka hapo.

Na wewe ambaye maharage yako yameshabunguliwa leo hii, yachekeche, yaanike, chagua yaliyobaki mazima uyale mapema. Yenye matundu mengi usiyapande. Mengi hayataota, na yakiota mche utakuwa dhaifu. Magunia matupu yachemshe kwa maji ya moto na uyaanike, kagua pembe za ghala, fagia nyufa na uzizibe, na kile kibuyu cha darini kishushe ukifungue. Yote hayo yawe yamekwisha kabla maganda ya msimu huu hayajaanza kukauka shambani, na maharage ya zamani yasichanganywe na mapya hata kwa debe moja.